Mbuzi wa Chaka kwenye Kona ya Televisheni

Nyinyi vijana mnaofunga dishi siku hizi mna raha ambayo hamuijui. Unafika kwa mtu, unatoa simu mfukoni, simu inakuonyesha setilaiti iko upande gani, unakaza nati nne, unakunywa chai, unaenda zako. Sisi tulipanda paa la mabati na televisheni ndogo kwapani, tukaiweka juu ya gunia isiteleze, halafu mwenye nyumba akasimama chini kutuuliza kila dakika kama picha imekuja. Ilipokuja picha, mvua ya Nyeri nayo ilikuja. Nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Kiganjo, juu ya banda la ng'ombe, na ya pili sitaisema kwa sababu mwenye nyumba bado yuko hai na bado anacheka.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa ngazi. Lakini bado mnanipigia simu, na nimeona jambo moja. Dishi mnaijua, kebo mnaijua, ila mkipewa kesi ya logo mnatokwa na jasho. Logo imekaa kwenye kona ya skrini, haitaki kutoka, mteja amenuna, na wewe unabonyeza rimoti kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa. Basi kaeni niwaambie, na mnisamehe nikizunguka kidogo, maana mimi hata nikitumwa chumvi hupitia njia ndefu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Theuri, fundi wa redio pale Kiganjo, mtu mfupi, mkali, mwenye kalamu sikioni saa zote. Hakuwa na habari na setilaiti, lakini alijua kufikiri. Alikuwa akinipiga mkono kwa bisibisi nikikimbilia kufungua kitu kabla ya kuuliza kimeharibikaje. Kwake yeye, fundi anayefungua kwanza na kufikiri baadaye ni mharibifu aliye na vifaa. Nilimkasirikia miaka mitatu, na nimemshukuru miaka yote iliyofuata.

Kwa hiyo usiguse. Uliza kwanza: hii logo imetoka wapi? Bonyeza menyu ya risiva, uangalie. Menyu ikiifunika logo, logo imekuja pamoja na picha kutoka stesheni, na wewe huna lako hapo. Mwambie mteja ukweli, umalize chai. Logo ikikaa juu ya menyu, basi ni ya risiva au ya televisheni. Hapo chomoa kebo ya risiva. Ikipotea, ni ya risiva. Ikibaki, ni ya televisheni, na mara nyingi utakuta televisheni iliachwa kwenye mtindo wa dukani, ule wa kuvutia wanunuzi. Kuna na nyingine: umezima kila kitu na bado unaiona kwa mbali, kama alama ya kikombe kwenye meza. Hiyo imechoma kioo. Nilikuta hivyo kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akitazama taarifa ya habari tangu asubuhi mpaka alale, miaka mingi, stesheni ile ile. Nilimwambia dawa ni kubadilisha televisheni au kubadilisha stesheni mapema. Akanijibu kwamba yuko radhi kubadilisha fundi.

Na kabla ya hayo yote, gusa kioo kwa kidole. Sitanii. Huko Kangema nilikaa kwa mama mmoja mkulima wa chai tangu saa nne mpaka saa saba nikitafuta logo kwenye menyu. Niliipitia menyu yote, nikarudisha risiva kama ilivyotoka kiwandani, nikapoteza chaneli zake zote, nikaanza kuzitafuta upya. Yule mama alikuwa ameketi nyuma yangu akimenya viazi. Mwishowe akainuka, akaweka kisu chini, akaibandua logo kwa ukucha. Ilikuwa karatasi ya dukani. Akarudi kwa viazi vyake. Mimi nilikula viazi hivyo bila kuinua macho.

Sasa nije kwa dhambi yangu.

Kuna wakati risiva za baa zilikuwa zikiibwa sana huku kwetu. Mtu anakunywa bia mbili, anatazama mpira, na mpira ukiisha anatoka na risiva ndani ya koti. Mimi nikapata akili. Zilikuwepo risiva fulani ambazo ukiziunganisha na kompyuta unaweza kuzitia picha yako mwenyewe, ikakaa kwenye kona kila chaneli, usiku na mchana. Halafu unafunga menyu kwa nambari ya siri, na asiyejua nambari haitoi picha ng'o. Mwizi akimuuzia mtu, mtu akiwasha anakuta jina la baa linamkodolea macho. Wizi ukapungua. Mafundi wengine wakaniiga, na haukupita muda kila baa kati ya Nyeri na Nanyuki ikawa na muhuri wake kwenye kona ya skrini.

Kazi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya Gathua, mwenye baa pale Chaka, karibu na wachoma nyama. Alitaka mbuzi. Nikamchorea mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili, anacheka meno yote nje, na kwato moja imeinua glasi ya bia. Chini yake jina la baa: Mbuzi Mcheshi. Lile povu la bia lilinichukua Jumapili nzima, kwa sababu nilitaka limwagike kidogo upande mmoja, kama povu la kweli. Nambari ya siri Gathua aliichagua mwenyewe. Alinivuta nyuma ya jiko, akaninong'oneza, na akaniapisha nisiiandike popote. Sikuiandika popote, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Miaka ikapita. Gathua akaokoka, akafunga baa, akauza viti, akauza friji, akauza na risiva. Mimi nikastaafu, nikasahau kwamba niliwahi kuchora mbuzi.

Halafu juzi juzi, asubuhi moja ya baridi, akanipigia simu Mama Salma wa Majengo, hapa mjini Nyeri. Mume wake, Mzee Ramadhani, ni fundi wa cherehani, na ovaroli zangu zote za kazi alinishonea yeye. Walikuwa wametamani hija tangu ujana wao. Mwishowe uwezo ukatosha mtu mmoja tu, na Mama Salma akasema aende mzee. Basi mzee alikuwa Makka, na mama alikuwa amejinunulia risiva ya mtumba soko la Chaka, ili ashike ile stesheni ya bure inayoonyesha hija saa zote.

"Fundi," akaniambia, "kuna mnyama kwa tivii yangu."

Nikamuuliza mnyama gani. Akasema nije nione mwenyewe.

Nilikuta ameshasukuma viti ukutani na kutandika mikeka. Kesho yake ilikuwa siku ya Arafa, siku ambayo mahujaji wote husimama pamoja pale uwanjani tangu adhuhuri mpaka jua lizame, na alikuwa amealika majirani, akina mama wenzake wa darasa la msikitini, pamoja na ustadhi. Alinieleza wazi anachotaka. Alitaka kumwona mume wake. Nilijaribu kumwambia kwa upole kwamba huko kuna watu kama mchanga, wote wamevaa nyeupe, na kamera haimjui Ramadhani wa Nyeri. Akanitazama kama mtu aliyesema upuuzi.

"Nimekaa na huyu mtu miaka arobaini na moja," akasema. "Mgongo wake naujua hata kwa watu milioni."

Akawasha. Ikaja picha safi, msikiti mtukufu, watu wakizunguka. Na kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, amesimama mbuzi kwa miguu miwili, anacheka, ameinua glasi.

Nikabonyeza menyu. Mbuzi akapanda juu ya menyu. Nikaliangalia lile povu, limemwagika kidogo upande mmoja, na nikaijua kazi ya mkono wangu.

Sasa, vijana, nimewaambia hapo juu mwambieni mteja ukweli. Mimi nilimwambia Mama Salma kwamba hiyo logo inatoka stesheni na hakuna la kufanya. Ulimi ulienda wenyewe. Nilikuwa namwona ustadhi kesho ameketi mbele ya povu langu, na nikaona aibu.

Mama Salma akanimiminia chai, polepole. "Stesheni ya Makka ndiyo imeweka pombe hapo?" akauliza.

Nikapuliza chai yangu.

"Mbuzi mimi sina shida naye," akaendelea. "Idi tunachinja. Shida yangu ni hiyo glasi."

Basi nikaungama yote, Gathua, baa, wizi, kompyuta, Jumapili nzima ya povu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaketi kwenye kigoda, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akamtazama mbuzi tena.

"Umemchora vizuri," akasema. "Sasa mtoe."

Nikajaribu. Nambari ya Gathua nilikuwa nimeisahau, nikabahatisha. Sifuri mara nne, ikakataa. Moja mbili tatu nne, ikakataa. Ukikosea mara tatu ile risiva inajifunga saa nzima, na hilo nalo nililiweka mimi mwenyewe, nikijiona mjanja. Nikarudi nyumbani kutafuta risiva yangu ya zamani tuibadilishe, nikakuta panya wamefanya nyumba ndani yake. Nikazunguka maduka ya mjini. Siku hizi wanauza dekoda za kulipia tu, na ile stesheni haimo. Nikampigia Gathua. Aliposikia neno baa akakata simu. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Nikamwambia Mama Salma asiwe na wasiwasi, kesho asubuhi naenda Chaka, na kabla ya adhuhuri nitakuwa nimerudi na nambari. Niliahidi mbele ya mbuzi mwenyewe.

Asubuhi ya Arafa nikabisha hodi kwa Gathua. Nikakaribishwa ndani. Sebule ilikuwa imejaa kamati ya kanisa. Walikuwa wakipanga ujenzi wa jiko la kanisa, na Gathua, ambaye sasa ni shemasi, ameketi katikati na suti na tai. Aliponiona uso wake ukabadilika. Nikaelewa kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akitembea akijua kwamba siku moja mtu angeingia na kulitaja lile jina la Mbuzi Mcheshi mbele ya watu wa Mungu.

Nikajaribu kuwa na adabu. Nikasema nimekuja kwa jambo dogo kuhusu ile biashara yake ya zamani. Akauliza biashara gani. Nikasema ile ya kule barabarani. Akasema huko barabarani aliwahi kuuza viazi. Nikasema nahitaji nambari tu, ile ya risiva.

"Ati nambari gani?" akasema. "Mimi mambo ya risiva sijui."

Saa ilikuwa inakimbia. Nikaona hakuna namna, nikasema yote mbele ya kamati: kuna mama Majengo, mume wake yuko Makka, leo ndiyo siku kubwa, anataka kumtafuta kwenye televisheni, na mbuzi wa Gathua amesimama kwenye kona na glasi ya bia. Gathua akaangalia viatu vyake.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye miwani na mvi, alikuwa akiandika ajenda. Hakuinua kichwa.

"Ni nane sita sifuri saba," akasema.

Gathua akamgeukia, mdomo wazi.

"Hapana," akasema mweka hazina. "Hiyo ilikuwa ya kwanza. Alibadilisha ile wiki ya fainali. Ikakuwa saba sifuri sita nane."

Mama mmoja wa kule mlangoni akasema kwamba baada ya fainali aliirudisha nane sita sifuri saba, anakumbuka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwawekea wateja chaneli ya nyimbo Gathua akitoka. Wakabishana kidogo, kwa upole, kama watu wanaokumbushana mstari wa Biblia. Kumbe nusu ya kamati ndio waliokuwa wateja. Gathua aliifunga ile menyu pia ili wasimbadilishie chaneli, nao walikuwa wakimbadilishia miaka yote ile. Halafu nikaona kitu ambacho sikutarajia: shemasi alianza kucheka, akacheka mpaka akatoa kitambaa akapangusa macho. Nadhani alikuwa amebeba mzigo mzito bure, na watu wote walikuwa wakijua kilichomo.

Nikaandika nambari zote mbili kwenye kiganja, nikainuka. Hapo mwenyekiti akasema haifai niende hivyo, tusimame tumwombee huyo mzee arudi salama. Tukasimama. Sasa, kama wewe ni wa Kieni, upande ule wa Chaka, unajua maombi ya wazee wetu. Alimwombea Mzee Ramadhani, akamwombea Mama Salma, akaombea ndege atakayopanda kurudi, akaombea mvua, akaombea jiko la kanisa. Baada ya hapo githeri, mahindi na maharagwe, ikawa imeiva, na kukataa ni matusi. Nilikula haraka, nikaungua ulimi, na nilipofika Majengo saa tisa ilikuwa imepita.

Nje ya mlango viatu vilijaa mpaka kwa jirani. Nikavua vyangu, nikaingia. Watu wamejaa mikekani, wote wamefunga saumu, na mimi mdomo unanuka maharagwe. Kwenye skrini, kilima cheupe kwa watu. Mbuzi hakuwepo.

Nilishtuka. Halafu nikaona. Mama Salma alikuwa amechukua kitambaa kimoja cha kochi, hivi vya kufuma vyenye maua, akakining'iniza kwenye kona ya televisheni na kukibana kwa vibanio viwili vya kuanikia nguo. Ustadhi alikuwa ameketi mbele kabisa, ametulia, anatazama. Hakuna aliyeuliza kitambaa ni cha nini. Nyumba zetu zina vitambaa juu ya kila kitu, nani atauliza?

Nikanyata mpaka kwa Mama Salma, nikainama, nikamwonyesha kiganja changu kwa fahari. Nikamnong'oneza kwamba ninayo, anipe rimoti tu.

"Ukiweka hiyo nambari, hii kitu inazima?" akauliza, macho yakiwa kwenye skrini.

Nikamwambia inazima kidogo. Ikishafuta picha lazima ijiwashe upya, kama dakika mbili, tatu, halafu inarudi safi.

"Na akipita kwa hizo dakika mbili?"

Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana. Nimeulizwa maswali na wahasibu, na mapadri, na askari waliotaka kujua kwa nini mpira unaganda wakati wa penalti, na kila mmoja nilimpa jibu, la kweli au la kubahatisha. Kwa hilo nilikifumba tu kiganja changu.

"Basi keti," akasema. "Usiguse."

Nikaketi mkekani. Mbuzi nilimtoa kesho yake baada ya sala ya Idi, kwa ile nambari ya mwenyekiti, na haikuchukua muda. Lakini siku ile niliketi kama mgeni mwingine yeyote, mikono juu ya magoti, na nafikiri ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama televisheni ya mteja bila kutazama kona zake. Nikaanza na mimi kumtafuta Mzee Ramadhani. Ninamjua, alikuwa akinipima mabega kila mwaka. Nikatafuta wazee wote waliopinda kidogo upande wa kushoto kwa ajili ya cherehani, na walikuwa maelfu. Kamera ikapanda kilima, ikashuka, ikapita mahema, ikarudi. Hakuna aliyeinuka hata kunyoosha miguu. Kila picha ilipobadilika nilimwona Mama Salma anabana pumzi, halafu anaiachia, na nikawa nabana pumzi pamoja naye. Nilihuzunika, siwafichi. Nilijua hesabu ya jambo lile, kamera ngapi na watu wangapi.

Jua lilikuwa karibu kuzama, huko na huku, maana saa zetu na zao ni zile zile. Mama Salma akanishika mkono wa shati.

"Yule," akasema. "Amenyanyua mikono. Yule."

Nikageuza macho haraka. Picha ilikuwa imeshahama, inaonyesha mlima wote kwa mbali. Yeye alikuwa bado anatazama pale pale, machozi yanashuka, anatabasamu, na hakuyapangusa. Akaniuliza kama nimemwona.

Nikamwambia nimemwona.